Namna ya Kujenga Maisha ya Utafiti wa Kolesteroli: Mwongozo kwa Kufuata Njia ya Akira Endo

Kijana anayemaliza shahada ya kwanza ya biokemia, famasia, tiba au kilimo, kisha akasema anataka kuishi kwa kuchunguza mafuta ya mwilini, huulizwa hata na ndugu zake kimebaki nini cha kuchunguza katika kitu ambacho kila mgonjwa wa presha ameshakisikia kwa jina la lehemu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unaeleza namna ya kuingia katika utafiti wa kolesteroli na umetaboli wa lipidi, yaani jinsi mwili unavyoyatengeneza, unavyoyasafirisha na unavyoyavunja mafuta. Unaeleza pia namna ya kuchagua swali, stadi zinazopaswa kuwa mkononi, na la kufanya pale majaribio yanapokataa. Ushauri mtupu husahaulika upesi, kwa hiyo nimeufunga kwenye maisha ya mtu mmoja, Akira Endo wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwezi Juni 2024 akiwa na umri wa miaka 90, ambaye ndiye aliyegundua kemikali ya kwanza ya jamii ya dawa za kupunguza kolesteroli ziitwazo statini. Wapo waliopata sifa kubwa kuliko yeye, wakiwemo washindi wa Tuzo ya Nobel, nao watatajwa. Nimemchagua yeye kwa sababu kazi yake ilifanywa kwa vifaa vya kawaida, na kwa sababu kila hatua aliyoipiga inaweza kueleweka na mtu anayeanza.

Tafuta swali kabla ya kutafuta nafasi

Endo alikulia katika familia ya wakulima mkoani Akita, kaskazini mwa Japani, ambako uyoga ni kitu cha kila siku. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alivutiwa na uyoga mmoja unaoua nzi lakini usiomdhuru mtu, akauchemsha na kuonyesha kwamba kinachoua nzi huhamia kwenye maji yake. Baadaye, alipokuwa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, alisoma habari za Alexander Fleming na penisilini iliyotokana na kuvu. Mambo haya mawili yalimwachia mazoea ya kujiuliza kuvu hutengeneza kemikali zake kwa faida gani. Kati ya mwaka 1966 na 1968 aliishi New York, akaona jinsi ugonjwa wa moyo ulivyokuwa ukiongoza kwa kuua Wamarekani na jinsi madaktari walivyokosa dawa ya maana ya kupunguza kolesteroli. Hapo swali lake likakamilika: kwa kuwa viumbe wengi wadogo huhitaji steroli, yaani jamii ya mafuta ambayo kolesteroli imo ndani yake, ili wakue, je, haiwezekani kwamba baadhi ya kuvu hujilinda kwa kutoa kemikali inayozuia utengenezaji wa steroli, na kemikali hiyo hiyo ikaweza kulizuia ini la binadamu?

Swali hilo lina kitu kinachopimwa, lina kiumbe cha kupimwa, na lina badiliko linalotarajiwa. Nalo lako liandike hivyo hivyo, katika sentensi moja. Maneno kama "kuchunguza kolesteroli katika Afrika Mashariki" ni kichwa cha habari, hayajawa swali, na mwanafunzi anayeanza nayo hupoteza mwaka mzima akikusanya takwimu asizojua zitajibu nini. Lakini ukiuliza kama kiwango cha LDL, yaani vifurushi vinavyobeba kolesteroli kwenye damu, cha vijana wa jamii za wafugaji hubadilika katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuhamia mjini na kuacha maziwa ya kila siku, tayari unajua nani wa kumtafuta, damu ichukuliwe lini, na ni jibu gani litakaloonyesha kwamba ulikosea. Swali ambalo haliwezi kukukosesha halifai kufanyiwa kazi.

Chora njia nzima kwa mkono wako

Kabla ya kuingia maabara, jipe majuma mawili ya kujifunza jinsi kolesteroli inavyotengenezwa, na usiridhike mpaka uweze kuichora njia hiyo kwenye karatasi tupu bila kufungua kitabu. Molekuli ya kolesteroli ina atomi 27 za kaboni, na zote hutokana na kipande kidogo kiitwacho asetati chenye kaboni mbili tu, kupitia hatua zipatazo 30. Kazi ya kuifumbua njia hiyo iliwapatia Konrad Bloch na Feodor Lynen Tuzo ya Nobel mwaka 1964. Mwanzoni mwa njia kipo kimeng'enya, yaani protini inayoendesha hatua ya kikemia, kiitwacho HMG-CoA riduktesi, kinachotengeneza mevalonati, nacho ndicho lango: kikipungua, njia nzima hupungua, kikizidi, njia nzima huzidi.

Kuna sababu ya kusisitiza mchoro huu, nayo si kufaulu mtihani. Mwaka 1960 iliruhusiwa nchini Marekani dawa iliyoitwa triparanoli, ambayo ilizuia kolesteroli kwenye hatua ya mwisho kabisa. Kolesteroli ilipungua, lakini kile kilichopaswa kugeuzwa kuwa kolesteroli kikarundikana kwenye damu na tishu, watu wakapata mtoto wa jicho na madhara mengine, na mwaka 1962 dawa ikaondolewa. Endo alilenga lango la mwanzo, mahali ambapo kinachozuiwa kinaweza kutumiwa na mwili kwa njia nyingine bila kurundikana. Mtu asiyeujua mchoro hawezi kuona tofauti ya hatua hizi mbili, kwa sababu katika zote mbili kipimo cha kolesteroli kinashuka.

Mchoro wa pili ni wa usafirishaji. Mafuta hayachangamani na maji, kwa hiyo hubebwa kwenye damu ndani ya vifurushi vyenye protini: kilomikroni zinazotoka kwenye utumbo, VLDL zinazotoka kwenye ini, LDL zinazobaki baada ya VLDL kupakua mzigo wake, na HDL zinazorudisha kolesteroli kwenye ini. Chora pia vipokezi vya LDL juu ya seli za ini, yaani protini zinazoichukua LDL kutoka kwenye damu. Utavihitaji mbele.

Stadi za mkono na hesabu

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka, kwa sababu makosa mengi katika utafiti wa lipidi huanzia kwenye mirija na friji, wala si kwenye nadharia.

Anza na kipimo cha kawaida cha hospitali. Karatasi ya majibu huonyesha kolesteroli yote, HDL, trigliseridi (mafuta ya kawaida ya akiba) na LDL, lakini mara nyingi LDL haikupimwa, imekokotolewa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5, ikiwa vipimo viko katika miligramu kwa desilita. Mtu mwenye kolesteroli 220, HDL 50 na trigliseridi 150 atakuwa na LDL ya 140. Ikiwa maabara inatumia milimoli kwa lita, trigliseridi hugawanywa kwa 2.2. Kanuni hii haifai trigliseridi zinapozidi miligramu 400 kwa desilita, na hudanganya pia LDL inapokuwa ndogo sana. Kwa hiyo kila unapopokea takwimu za mtu mwingine, uliza kwanza LDL ilipatikanaje. Uliza pia vipimo vilikuwa vya aina gani, maana kolesteroli hubadilishwa kutoka miligramu kwenda milimoli kwa kugawanya kwa 38.67, ilhali trigliseridi hugawanywa kwa 88.57, na anayetumia namba moja kwa zote mbili huharibu jedwali zima bila kuona dalili yoyote.

Damu ya kupima trigliseridi ni bora ichukuliwe baada ya kufunga kwa saa 9 hadi 12. Usimuulize mtu kama "amefunga", kwani kwa wengi wetu neno hilo lina maana ya ibada; muulize alikula nini mara ya mwisho na saa ngapi, kisha uandike saa hiyo. Chai ya maziwa yenye sukari iliyonywewa alfajiri haihesabiwi na watu wengi kuwa chakula.

Stadi ya pili ni kutoa lipidi kutoka kwenye tishu. Njia ya Folch, iliyochapishwa mwaka 1957, hutumia klorofomu sehemu mbili na methanoli sehemu moja; ile ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959 hutumia kemikali hizo hizo kwa kiasi kidogo zaidi, na hufaa sampuli zenye maji mengi. Tumia vyombo vya glasi, kwa sababu klorofomu huyeyusha vitu vilivyomo kwenye plastiki, navyo vitaonekana kwenye majibu yako kana kwamba ni lipidi. Fanya kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta mvuke, na mabaki yawekwe kwenye chupa yake yenye lebo, kamwe yasimwagwe kwenye sinki. Lipidi zilizotolewa zikaushwe kwa gesi ya naitrojeni, kwa kuwa oksijeni huziharibu, kisha zihifadhiwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Friji ya aina hiyo ina tatizo lake mahali ambapo umeme hukatika. Gawa kila sampuli katika vichupa vidogo viwili au vitatu kabla ya kuigandisha, weka kimoja kwenye friji nyingine ikiwezekana katika jengo jingine, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Weka daftari la joto la friji na uliandike kila siku, hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Naamini daftari hilo linaonyesha tabia ya mtafiti kuliko barua yoyote ya sifa, na anayekuja kukagua kazi yako akilikuta limejazwa atakuamini katika mengine.

Stadi ya tatu ni takwimu. Jifunze programu moja ya bure, kwa mfano R, na uijue vizuri.

Kubali kuanzia mahali pasipo pako

Endo alipoajiriwa na kampuni ya dawa ya Sankyo mwaka 1957 hakupewa kolesteroli. Alipewa kazi ya kutafuta kimeng'enya cha kuvunja pektini, ile inayofanya juisi ya matunda iwe na ukungu, akachunguza kuvu nyingi mpaka akakipata kinachofaa kwa viwanda. Kazi hiyo ndiyo iliyompatia shahada ya uzamivu mwaka 1966, na kwa sababu ya mafanikio yake akaruhusiwa kwenda nje kujifunza. Alitamani kufanya kazi na Bloch, lakini hapakuwa na nafasi. Akaenda Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, kwa Bernard Horecker, akachunguza jinsi bakteria wanavyotengeneza ukuta wa seli.

Ukiangalia kwa juu juu, hiyo ni miaka zaidi ya 10 nje ya kolesteroli. Ukiangalia vizuri, juisi ilimfundisha kukuza na kuchuja kuvu nyingi, na bakteria walimfundisha vimeng'enya vinavyofanya kazi pamoja na lipidi, na stadi hizo mbili ndizo alizozihitaji mwaka 1971. Kwa hiyo ukipewa nafasi kwenye maabara ya malaria au ya lishe ya ng'ombe, ichukue, mradi kuna stadi utakayoondoka nayo, na uiandike stadi hiyo kwa jina siku ya kwanza.

Unapomwandikia msimamizi, andika ukurasa mmoja: swali lako, makala yake moja uliyoisoma na jambo mahususi ndani yake ambalo hukulielewa au hukukubaliana nalo, na stadi uliyonayo tayari. Barua inayosema tu kwamba unapenda sana fani hii haina kitu cha kujibiwa.

Buni kipimo unachoweza kukirudia mara elfu

Mwaka 1971 Endo, pamoja na mwenzake Masao Kuroda na wasaidizi wawili, walianza kuchuja kuvu. Kemikali halisi ya kupimia kimeng'enya cha lango ilikuwa ghali. Wakatumia vimeng'enya vilivyotolewa kwenye maini ya panya, wakaongeza asetati yenye kaboni ya mnururisho, kisha wakapima ni kiasi gani cha mnururisho kimeingia kwenye steroli. Mchuzi wa kuvu ulipozuia jambo hilo, walirudia kipimo kwa kutumia mevalonati badala ya asetati: kama safari hii steroli ilitengenezwa kama kawaida, basi kizuizi kilikuwa kabla ya mevalonati, yaani langoni au jirani yake. Vipimo hivi viwili vilijibu kile ambacho chombo cha gharama kubwa kingejibu.

Mwaka wa kwanza walichuja aina 3,800 za kuvu na kupata citrinini, ambayo ilizuia kimeng'enya vizuri lakini ikawa sumu kwa figo. Waliendelea. Mwaka 1972 walifikia ukungu wa rangi ya buluu na kijani, Penicillium citrinum, uliotoka kwenye sampuli ya mchele kutoka duka la nafaka mjini Kyoto, na katikati ya mwaka 1973 walikuwa wametenga kemikali yenyewe, ambayo baadaye iliitwa kompaktini. Walikuwa wamepita kuvu zaidi ya 6,000. Kazi kama hiyo haiwezekani kama kipimo chako kinachukua siku tatu na kinamhitaji mtu mmoja tu anayekijua, kwa hiyo kabla ya kuanza kukusanya sampuli, pima sampuli moja mara 10 kwa siku moja na mara moja kila siku kwa siku 10. Kama namba zinatawanyika, simama hapo urekebishe. Ni jambo la kuchosha, na wasimamizi wengi hawatakulazimisha, jilazimishe.

Jaribio linapokataa, chunguza mnyama kabla ya kuitupa kemikali

Kompaktini ilipopewa panya, kolesteroli yao haikushuka. Kwa kampuni nyingi hapo ndipo safari huishia, na kwa Endo nusura iishie. Lakini yeye alijua kwamba kwenye mrija kemikali ilizuia kimeng'enya cha panya bila shaka yoyote, kwa hiyo kilichokataa ni panya mzima. Ilikuja kubainika kwamba ini la panya, likizuiwa, hujibu kwa kutengeneza kimeng'enya kingi zaidi, na tena panya hubeba kolesteroli yake nyingi kwenye HDL, tofauti na binadamu.

Fani hii ilikuwa na onyo hilo tangu zamani. Mwaka 1913, mjini St. Petersburg, Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli na mishipa yao ikajaa mafuta, ilhali waliojaribu kwa panya hawakuona kitu kama hicho, na kwa miongo mingi watu wakabishana kama kolesteroli ina hatari, kumbe walikuwa wakilinganisha wanyama wenye miili inayoshughulikia mafuta kwa njia tofauti.

Mwanzoni mwa mwaka 1976 Endo alipata wazo la kuku wa mayai kupitia mazungumzo na Noritoshi Kitano, mtafiti mwenzake wa Sankyo aliyekuwa akiwatumia kuku katika kazi nyingine. Yai lina kolesteroli nyingi, hivyo kuku anayetaga lazima awe anaitengeneza kwa wingi. Wakaichanganya kompaktini kwenye chakula cha kuku, na katika majuma machache kolesteroli ya damu ikashuka kwa karibu nusu. Baada yao wakafuata mbwa na nyani, na majibu yakawa mazuri. Jamii ya dawa ambayo leo inatumiwa na mamilioni ya watu iliokolewa na mtu aliyejiuliza ni mnyama gani anayetengeneza kolesteroli nyingi kuliko panya.

Kwa hiyo, majibu yanapokuja kinyume na ulivyotarajia, fuata utaratibu huu. Kwanza hakikisha kipimo chenyewe kwa sampuli unayoijua. Pili, tenga sehemu zinazoweza kukosea: kemikali, dozi, mnyama, muda, chakula. Tatu, tafuta kiumbe au kundi la watu ambamo kile unachokitafuta kinapaswa kuonekana kwa ukubwa zaidi, ujaribu hapo kwanza. Usiandike kwamba nadharia yako imekufa mpaka umefika hatua ya tatu, na ukifika hapo ikashindwa, andika hivyo waziwazi na uchapishe.

Mgonjwa wa kwanza na miaka iliyofuata

Mwaka 1978 daktari Akira Yamamoto wa Osaka alimpa kompaktini msichana mwenye ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli nyingi, aina kali kabisa. Kolesteroli ilishuka, lakini msichana akapata udhaifu wa misuli, na dawa ikasimamishwa. Yamamoto akaendelea na wagonjwa wengine kwa dozi ndogo zaidi, na kwa wastani kolesteroli yao ikapungua kwa zaidi ya robo. Zingatia mpangilio wake: mgonjwa wa kwanza alikuwa mtu ambaye hakuwa na tiba nyingine ya kutegemea, dozi ilikatizwa mara tu dalili ilipoonekana, na dalili hiyo ikaandikwa badala ya kufichwa. Udhaifu wa misuli unaendelea kuwa miongoni mwa madhara ambayo madaktari huwauliza watumiaji wa statini hadi leo.

Mwishoni mwa mwaka 1978 Endo aliondoka Sankyo akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo, na mwaka 1980 kampuni ikaisimamisha kompaktini kwa sababu ya wasiwasi uliotokana na mbwa waliopewa dozi kubwa sana. Wakati huo, nchini Marekani, kampuni ya Merck ilikuwa imepata kemikali inayofanana nayo kutoka kwenye kuvu nyingine, na Endo mwenyewe akaipata kemikali hiyo hiyo mwaka 1979 kutoka kwenye kuvu ya Monascus. Ndiyo lovastatini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia uliowahusisha wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kwamba simvastatini, ndugu yake, ilipunguza vifo kwa asilimia 30.

Endo hakutajirika kwa ugunduzi huu. Alitambuliwa baadaye, kwa Tuzo ya Japani mwaka 2006 na ya Lasker mwaka 2008. Nalisema hili ili anayeanza apange maisha yake akiwa na macho wazi: soma mkataba wako kuhusu hataza kabla ya kuusaini, weka daftari la maabara lenye tarehe na saini ya shahidi, na chapisha kwa wakati. Tunamjua Endo kwa sababu tarehe zake zilikuwa wazi na makala yake ya mwaka 1976 ilikuwepo.

Nenda kwa watu walio pembezoni mwa kipimo

Njia nyingine ya kujenga maisha haya ni ya Michael Brown na Joseph Goldstein, madaktari wawili waliofahamiana hospitalini Boston miaka ya 1960 na kuunganisha maabara zao mjini Dallas. Wao hawakuanza na kuvu. Walianza na watoto wachache wenye kolesteroli ya juu kupindukia na vinundu vya mafuta kwenye ngozi, wakakuza seli za ngozi za wagonjwa kama hao, na kati ya mwaka 1973 na 1974 wakaonyesha kwamba seli hizo hazina kipokezi cha kuichukua LDL kutoka kwenye damu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mwaka 1978 walichapisha makala pamoja na Endo, wakionyesha kwamba seli za binadamu zikizuiwa kwa kompaktini nazo huongeza kimeng'enya chao. Njia mbili zilizoanzia mbali zilikutana kwa sababu mmoja alimtumia mwenzake kemikali.

Upande wa pili wa kipimo una faida vile vile. Mwaka 2003 watafiti wa Paris na Montreal walitambua kwamba jeni iitwayo PCSK9, ikizidi nguvu, hupandisha kolesteroli. Helen Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakauliza kinyume chake: je, wapo watu ambao jeni hiyo imekatika? Waliwapata, hasa miongoni mwa Wamarekani weusi, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba Wamarekani weusi wenye badiliko hilo walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyo chini kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata ilichapishwa habari ya mwanamke wa Zimbabwe aliyerithi badiliko la aina hiyo kwa wazazi wote wawili, mwenye LDL ndogo sana na afya njema. Dawa zinazoizuia PCSK9 zikaruhusiwa mwaka 2015. Ujuzi huo ulikuwa ndani ya damu ya Waafrika na watu wenye asili ya Afrika, nasi tunapaswa kuwa miongoni mwa wanaouchunguza, tusiwe tu miongoni mwa wanaotolewa damu.

Mfano wa karibu zaidi ni Wamasai. Mwaka 1964 George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika, waliokula maziwa na nyama kwa wingi lakini wakawa na kolesteroli ya chini na dalili chache za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 uchunguzi wa maiti 50 ulionyesha kwamba mafuta yalikuwepo kwenye mishipa yao, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka. Wengine walidai kwamba miili yao hupunguza utengenezaji wa kolesteroli pale inapoingia kwa chakula. Ni kutembea kwingi, ni jeni, ni mitishamba inayochemshwa pamoja na supu? Hadi leo mtu anaweza kujenga shahada ya uzamivu juu ya kipande kimoja cha swali hilo, kwa vifaa bora na kwa lugha ya watu wenyewe. Pa kuanzia papo pia kwenye takwimu za mradi wa AWI-Gen, uliowapima takriban watu 12,000 kutoka Afrika Kusini, Kenya, Ghana na Burkina Faso, ukiwemo upande wa Nairobi.

Vibali, ridhaa na kurudisha majibu

Nchini Tanzania kibali cha maadili ya utafiti wa afya hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kamati ya taasisi yako, Kenya utahitaji kamati ya maadili pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi. Anza miezi mingi kabla ya siku ya kuchukua damu. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya mhusika, isomwe kwa sauti, na ieleze waziwazi damu itakaa wapi, kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi.

Kisha panga, katika bajeti na si kwa maneno, siku ya kurudi. Kila aliyetoa damu apewe namba zake kwenye karatasi, pamoja na mtu wa kumweleza maana yake. Ukikuta mtu mwenye LDL inayozidi miligramu 190 kwa desilita, au mtoto mwenye vinundu vya manjano kwenye viwiko, magoti au nyuma ya kisigino, usisubiri uchambuzi ukamilike: mwandikie barua ya rufaa siku hiyo hiyo, umtaje daktari atakayempokea, na uombe kuwapima wazazi na ndugu zake, kwa kuwa huenda ni ule ugonjwa wa kurithi wa kolesteroli nyingi, ambao takriban mtu mmoja kati ya 250 anao katika umbo lake la kawaida. Chukua namba ya simu ya jirani pia, maana simu ya mwenyewe huenda ikawa imezimwa.